UZI: Abiria alipobaki nyumbani, nani alibeba chanjo?

#1 Mchukuzi wa Anga

Wakuu, salaam.

Kila tukigusa habari ya Corona na usafiri tunaishia palepale: mashirika ya ndege yalipata hasara, watalii walikosekana, basi. Hasara ilikuwepo na ilitisha. Abiria wa ndege dunia nzima walishuka kutoka takriban bilioni 4.5 mwaka 2019 hadi bilioni 1.8 mwaka 2020. Ila mimi nilikuwa upande wa mizigo, na machungu ya kule sioni yakisemwa.

Ukikaa kwenye kiti chako ndegeni, chini ya miguu yako kuna nini? Wengi watajibu masanduku ya abiria. Yapo, lakini pembeni yake kuna maua, vipuri, barua, maiti anayerudishwa kwao, na makasha ya chanjo yaliyozungushiwa vipoza joto. Sisi sehemu hiyo tunaiita tumbo la ndege. Kabla ya janga, karibu nusu ya mizigo yote ya anga duniani ilisafiri humo, ndani ya ndege za abiria. Iliyobaki ndiyo ilibebwa na ndege za mizigo pekee.

Maana yake nini? Anayelipia safari ni abiria. Chanjo inadandia tu. Yule mtu aliyekuwa anakwenda harusini au mkutanoni ndiye aliyekuwa anaiwezesha ndege kuruka, na bila kujua alikuwa anamsogezea mtoto asiyemfahamu dozi ya surua.

Sasa WHO ikatamka tarehe 11 Machi 2020 kwamba hili ni janga la dunia, mipaka ikafungwa ndani ya siku chache, abiria akabaki nyumbani. Tumbo nalo likabaki uwanjani. UNICEF, ambayo ndiyo hununua chanjo za karibu nusu ya watoto wa dunia, ilieleza mwanzoni mwa Mei 2020 kwamba tangu wiki ya Machi 22 shehena za chanjo zilizopangwa zilikuwa zimepungua kwa asilimia 70 hadi 80. Nafasi chache zilizobaki zikapanda bei hadi mara mbili na mara tatu. Chanjo ipo kiwandani, pesa ipo, mtoto yupo. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda harusini.

Watu huongea usafiri kivyake, mazingira kivyake, chanjo kivyake. Mimi nazishika kama kamba moja, na mkono ulioishika mwanzoni ni wa abiria. Karibuni mnipinge.

#2 msomaji_kimya

Nimevuta kiti mbele kabisa. Hiyo ya tumbo la ndege sikuijua.

#3 Mama Dozi

Kaka Mchukuzi, umesema kweli lakini umesema nusu. Mimi ni muuguzi, kitengo cha watoto, na nilikuwa kazini miezi yote ile.

Kwetu jokofu lilikuwa na dozi. Waliokosekana ni kina mama. Walikuwa wamesikia "kaa nyumbani", wakakaa. Hospitali ikageuka mahali pa kuogopwa: mama anaona kumpeleka mtoto mzima kwenye jengo lenye wagonjwa wa Corona ni kumtafutia maradhi. Hata aliyejitoa, usafiri wa kumfikisha ulikuwa umezuiwa au umepunguziwa abiria. Halafu anafika anakuta wenzangu wawili kati yetu wanne wamehamishiwa kupima Corona. Anasubiri, anachoka, anaondoka.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalikumbuki. Mwisho wa Machi 2020 WHO yenyewe ilishauri kampeni za chanjo za halaiki zisimame kwa muda, zile za kukusanya watoto uwanjani au kugonga mlango kwa mlango. Chanjo za kawaida za kliniki zilitakiwa ziendelee. Sababu ilieleweka, maana huwezi kukusanya umati ili kuzuia ugonjwa mmoja ukausambaza mwingine. Kampeni za polio zikasimama takriban miezi minne, na wachanjaji wake wakapewa kazi ya kufuatilia waliokutana na wagonjwa wa Corona. Walikuwa watu sahihi kwa kazi hiyo, wanazijua nyumba zote. Lakini polio haikwenda likizo.

Mizigo ilirudi njiani baada ya miezi kadhaa. Kina mama hawakurudi kwa kasi ileile. Watoto waliopata dozi zote tatu za dondakoo, kifaduro na pepopunda walikuwa asilimia 86 duniani mwaka 2019. Mwaka 2021 wakawa asilimia 81. Tano inaonekana ndogo ukiiandika. Ni kwamba mwaka ule watoto milioni 25 walikosa angalau dozi moja, na milioni 18 kati yao hawakupata hata ile ya kwanza. Surua ndiyo huja kudai kwanza, maana inaambukiza kuliko karibu maradhi yote tunayoyajua. Kwa mwaka 2022 WHO ilikadiria vifo 136,000 vya surua, wengi wao watoto.

Kwa hiyo kamba yako ninaikubali. Ila mkono ulioiachia haukuwa wa abiria wa ndege peke yake. Mama aliyekosa gari la kumfikisha kliniki naye ni abiria.

#4 Mchukuzi wa Anga

Dada, hiyo sentensi ya mwisho imenikalia kooni. Nilikuwa namfikiria abiria mwenye tiketi tu. Nimepokea.

#5 Bichwa Gumu

Mnalia na mipaka kufungwa kana kwamba ilikuwa kosa. Ugonjwa hauna miguu. Unasafiri na watu. Funga mlango, umemaliza. Australia ilifunga Machi 2020 ikafungua Februari 2022, na muda huo vifo vyao vilikuwa vichache ukilinganisha na Ulaya na Marekani. Mbona hilo hamlisemi?

#6 Mchukuzi wa Anga

Hatukulisema, mkuu, sasa tunalisema. Kisiwa kikifunga mapema, kikapima kila anayeingia, kikamweka karantini, kikafuatilia ndani, kinafaulu. Gharama yake wanaijua raia wao wenyewe waliokwama nje miezi mingi kwa sababu idadi ya kuingia iliwekewa kikomo.

Sasa tazama mlango unaofungwa umechelewa. Wuhan ilifungwa Januari 23, 2020. Utafiti uliochapishwa mwaka huohuo ulikadiria kwamba kufunga kule kulichelewesha ugonjwa siku tatu hadi tano tu ndani ya China bara. Kwa nchi za nje kulisaidia zaidi: wagonjwa waliotoka China kwenda nchi nyingine walipungua kwa karibu asilimia 80 hadi katikati ya Februari. Yaani kufunga kunakununulia muda. Ukiupata muda ukalala, umenunua hewa.

Halafu kuna Omicron, na hapa hasira yangu haijaisha. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana wakaona virusi vimebadilika sana, wakatangaza bila kuficha. WHO ikakipa jina Novemba 26. Kabla wino haujakauka nchi kadhaa zilikuwa zimeshapiga marufuku ndege za kusini mwa Afrika. Siku chache baadaye Uholanzi ikasema imekikuta kirusi hichohicho kwenye sampuli zake za Novemba 19 na 23, kabla ya tangazo. Kilikuwa kimeshaingia. Na sikia hili la tumbo: wataalamu wa maabara wa Afrika Kusini walionya kwamba kemikali za kusomea vinasaba vya kirusi zingeweza kuwaishia, kwa sababu ndege zinazozileta ndizo zilizositishwa. Aliyepiga kengele akakatiwa kamba ya kengele.

#7 Bichwa Gumu

Hilo la sampuli za Uholanzi nakubali lilikuwa aibu. La Australia sirudi nyuma.

#8 Ua la Jangwani

Tuachane na ndege kidogo. Mazingira je? Mimi nakumbuka dunia ilipumua. Hewa safi, wanyama barabarani, pomboo kwenye mifereji ya Venice. Corona ilitufunza tukikaa kimya maumbile yanarudi.

#9 Ramani Kuukuu

Dada Ua, nakuomba samahani mapema, maana nitaharibu picha nzuri.

Pomboo wa Venice hawakuwepo Venice. Ile video ilichukuliwa bandarini Sardinia, mamia ya kilomita kutoka pale. Maji ya mifereji yalionekana maangavu kweli, lakini si kwa sababu uchafu ulikuwa umeisha. Boti zilikuwa zimesimama, tope likatulia chini.

Yaliyokuwa kweli yanatosha bila kutiwa chumvi. Setilaiti ziliona naitrojeni dioksaidi, ile gesi ya injini na mitambo, ikipungua sana juu ya China na kaskazini mwa Italia. Aprili 2020 wakazi wa Jalandhar, India, waliamka wakaona safu ya Dhauladhar ya milima ya Himalaya kwa macho yao, jambo ambalo wengi hawakuwahi kuliona maishani. Vipima mitetemeko vilirekodi mtikisiko wa ardhi unaotokana na shughuli za watu ukishuka hadi nusu katika sehemu nyingi, tena kwa miezi. San Francisco, shomoro wenye utosi mweupe walianza kuimba kwa sauti ya chini zaidi na bado wakasikika mbali zaidi. Hapo kabla walikuwa wanapiga kelele kwa sababu yetu. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Sasa upande wa hewa ukaa. Mapema Aprili 2020 utoaji wa kila siku ulikuwa chini kwa takriban asilimia 17 kuliko wastani wa 2019. Mwaka ulipoisha, upungufu wa jumla ukawa kama asilimia 5, na 2021 karibu wote ukafutika. Kumbuka ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2019 ilikuwa imesema ili joto lisizidi nyuzi 1.5 tungehitaji kupunguza asilimia 7.6 kila mwaka kwa miaka kumi. Dunia ikafungiwa ndani, ndege zikaegeshwa Teruel, Hispania, na Alice Springs, Australia, viwanda vikazimwa, na bado hatukufika. Huku kipimo cha hewa ukaa kwenye kituo cha Mauna Loa, Hawaii, kikaendelea kupanda, Mei 2020 kikafika sehemu 417 kwa milioni. Mtu anayekopa kidogo kuliko mwaka jana bado deni linakua.

Kuna la ajabu zaidi. Methani iliongezeka hewani mwaka 2020 kwa kasi ambayo haikuwahi kupimwa kabla. Watu walikuwa ndani, sasa imetoka wapi? Sehemu ilitoka kwenye ardhi oevu zilizopata mvua nyingi na joto. Lakini utafiti mmoja wa 2022 ulionyesha takriban nusu ya ongezeko lile lilitokana na usafi wenyewe. Methani huharibiwa angani na chembe ziitwazo haidroksili, na chembe hizo hutengenezwa kwa msaada wa oksidi za naitrojeni, moshi uleule wa magari. Moshi ukapungua, chembe zikapungua, methani ikakaa angani muda mrefu zaidi. Sisemi turudishe moshi. Nasema angani hakuna swichi moja ya kuwasha na kuzima.

Na ili nimrudie mleta uzi kwenye tumbo lake: ndege za abiria zina vipima joto na upepo, na wakati wa safari hutuma vipimo kwa vituo vya hali ya hewa. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema vipimo hivyo vilipungua kwa wastani wa asilimia 75 hadi 80. Abiria alikuwa anadandiwa na utabiri wa mvua pia!

#10 Mchukuzi wa Anga

Hiyo ya vipimo vya hewa sikuwa nayo! Naiongeza kwenye kamba.

#11 Ua la Jangwani

Haya, pomboo wangu wamekufa. Wanyama wa hifadhini nao? Si walipumzika na watalii?

#12 Ramani Kuukuu

Wengine walipumzika, wengine walikosa mlinzi. Afrika Kusini faru waliouawa na majangili walishuka kutoka 594 mwaka 2019 hadi 394 mwaka 2020, kwa kuwa jangili naye alikutana na vizuizi barabarani na usafiri wa kimataifa wa pembe ulikwama. Lakini nenda Bwindi, Uganda. Utalii wa sokwe wa milimani ulifungwa Machi 2020, tena kwa sababu nzuri, kwani sokwe hupata maradhi ya kifua kutoka kwetu. Juni mwaka ule sokwe dume maarufu aitwaye Rafiki akauawa kwa mkuki. Aliyekamatwa alisema alikuwa anawinda wanyama wadogo na alijitetea sokwe alipomshambulia. Akafungwa miaka 11. Pale ambapo mshahara wa askari wa hifadhi na kipato cha jirani wa msitu vinatokana na mgeni, mgeni akikosekana mtego unarudi porini.

#13 Mama Dozi

Kwenye mazingira mmeruka nyuma ya hospitali. Huko ndiko nilikokuwa nikitupa.

Kila dozi ina sindano yake, na sindano iliyotumika haitupwi kwenye ndoo. Inaingia kwenye boksi gumu, likijaa robo tatu linafungwa, linakwenda kichomea taka. WHO ilipiga hesabu mwaka 2022: dozi bilioni 8 za kwanza za Corona zilizaa tani 144,000 za sindano na maboksi yake. Vifaa vya kujikinga vilivyonunuliwa kupitia mfumo wa pamoja wa Umoja wa Mataifa pekee vilikuwa tani 87,000 hadi Novemba 2021, na hapo hujahesabu barakoa alizonunua mtu mwenyewe akazitupa mtaroni. Ripoti ileile ilisema vituo vya afya 3 kati ya kila 10 duniani havikuwa na uwezo wa kushughulikia taka zao hata kabla ya mzigo huo. Katika nchi maskini zaidi ni 6 kati ya 10.

Mahali nilipokuwa, kichomea taka kiliharibika katikati ya kampeni. Tulirundika maboksi chumba cha nyuma, tukafunga kwa kufuli, tukaanza kuota ndoto mbaya. Sitaki kukitaja kituo.

Msisahau dozi zenyewe kugeuka taka. Malawi ilichoma karibu dozi 20,000 Mei 2021, na Nigeria ikaharibu zaidi ya milioni moja Desemba mwaka huohuo. Watu wakasema Waafrika hawataki chanjo. Wasiwasi ulikuwepo, sikatai, niliujibu kila siku mlangoni. Lakini dozi nyingi za msaada zilifika zikiwa zimebakiza wiki chache. Uzipokee, uzigawe wilayani, upange watu, uwashawishi, uwachome, zote ndani ya mwezi? Chakula cha jana kinapogawiwa saa sita usiku, msimlaumu aliyelala.

#14 Baharia Mstaafu

Naongeza moja niondoke. Mwishoni mwa 2020 mabaharia wapatao 400,000 walikuwa wamekwama melini baada ya mikataba yao kwisha, na karibu idadi hiyohiyo wako nyumbani hawawezi kwenda kuwapokea zamu. Bandari zinataka mzigo, hazitaki mtu. Chanjo zilipokuja, baharia akawa si raia wa bandari alipo, na kwao hayupo. Zamu yake ilikuwa wapi?

#15 msomaji_kimya

Mzee wangu, pole. Hilo swali linanikumbusha vyeti. Kadi ya manjano ya homa ya manjano inafanya kazi miaka yote: ukichanjwa, kadi inatambulika kila nchi, na tangu Julai 2016 ni ya maisha. Kwa nini ya Corona ilikuwa vurugu?

#16 Mchukuzi wa Anga

Kwa sababu kadi ya manjano iko chini ya kanuni moja ya kimataifa ya afya, na chanjo inayotambulika ni ile iliyoidhinishwa na WHO. Ya Corona kila mkubwa alijiandikia yake. Cheti cha kidijitali cha Umoja wa Ulaya kilipoanza Julai 1, 2021, chanjo ya AstraZeneca iliyotengenezwa Ulaya ilikuwa inatambulika moja kwa moja. Ileile iliyotengenezwa India kwa jina la Covishield haikuwemo, na kila nchi iliachiwa iamue. Covishield ndiyo COVAX, ule mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo, ilikuwa inaigawa kwa nchi maskini! Shehena ya kwanza kabisa ya COVAX, dozi 600,000 zilizoshuka Ghana Februari 24, 2021, ilikuwa ya chanjo hiyo. Unampa mtu dawa kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto unamwambia haijakutibu.

#17 Bichwa Gumu

Sasa mkuu, umetuchosha na kamba. Likija janga jingine? Nimesikia kuna mkataba.

#18 Mchukuzi wa Anga

Upo. Nchi wanachama wa WHO ziliupitisha Mei 20, 2025. Ndani yake kuna wazo kwamba watengenezaji watakaojiunga watenge asilimia 20 ya chanjo na dawa wanazozalisha wakati wa janga kwa ajili ya WHO kugawa, na angalau nusu ya hizo ziwe za bure. Siku ulipopitishwa, kiambatisho cha kueleza utaratibu huo kilikuwa bado hakijajadiliwa. Umetaja pia mtandao wa ugavi na usafirishaji.

#19 Bichwa Gumu

Mtandao wa usafirishaji. Kwenye ndege zipi, ikiwa abiria wamefungiwa tena?

#20 Mchukuzi wa Anga

Hapo umenishika, na safari hii bichwa lako limefanya kazi.

Ninachoweza kukuambia ni tulichofanya 2020. Ndege za abiria zilikodiwa ziruke bila abiria. Nyingine ziling'olewa viti, nyingine hazikung'olewa, tukapanga mizigo juu ya viti vilevile. Ya mwisho niliyoisimamia mwaka ule ilikuwa imejaa barakoa kuanzia safu ya kwanza hadi ya mwisho. Tulipita na mwenzangu, kiti kwa kiti, tukiyafunga maboksi mikanda.